Somo la Jikoni: Karoti za Bekoni na Meza ya Wageni



Somo letu la mwezi huu ni la akina mama, na akina baba wanaopika wasione haya kulisoma. Lina mambo mawili, moja la sufuria na moja la Biblia, na sikuweza kuyatenga. Kabla ya kuwasha moto, fungueni Matendo ya Mitume sura ya 10 mkasome aya ya 9 mpaka ya 29. Msiishie katikati. Mimi niliwahi kuishia katikati, na nitawaeleza kilichonipata.

Chakula chenyewe ni vitita vya karoti na maharage machanga, vilivyofungwa kwa bekoni na kupakwa sukari guru. Si mlo kamili, bali ni cha kusindikiza wali, viazi au kuku wa kuoka. Kufunga vyakula kwa bekoni ni desturi ya zamani ya Waingereza, ambao mpaka leo hufunga soseji ndogo namna hiyo wakati wa Noeli. Huko Marekani, upande wa kusini, watu hufunga maharage machanga, wakayapaka sukari ya kahawia na siagi, wakayaandaa siku ya Shukrani na siku ya Pasaka. Sisi tunayo sukari guru, ambayo kwa maoni yangu ni bora kuliko hiyo yao, maana bado ina harufu ya muwa na ya moto uliokaushia juisi yake.

Kipikwe lini? Kwangu ni chakula cha Pasaka. Wazee wa Kanisa letu huko Uingereza walikuwa na siku waliyoiita Collop Monday, Jumatatu ya kabla ya Jumatano ya Majivu, ambapo walikaanga vipande vya mwisho vya nyama ya chumvi iliyobaki ndani ili Kwaresima isiikute. Kwa hiyo mwenye kufunga nyama katika Kwaresima anayo sababu njema ya kuirudia bekoni mfungo ukiisha. Lakini isiwe chakula cha kila wiki. Bekoni ina chumvi nyingi, na mwenye shinikizo la damu aonje tu. Tena mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba nyama za kusindikwa, bekoni ikiwamo, zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Sikukuu ni sikukuu. Siku nyingine tule maharage.

Sasa nyama. Bekoni ni nyama ya tumbo au ya mgongo wa nguruwe iliyotiwa chumvi, na mara nyingi ikafukizwa moshi. Ile ya dukani huwa nyekundu hata ikiiva, kwa ajili ya dawa ya kuhifadhia inayotiwa pamoja na chumvi. Dawa hiyo msijaribu kuipima kwa kijiko nyumbani, maana ikizidi ni sumu. Asiyepata bekoni anunue nyama ya tumbo yenye mafuta kiasi, aikate vipande virefu vyembamba sana (ikiwa baridi hukatika vizuri zaidi), aipake chumvi kidogo, sukari kidogo na pilipili manga, aifunike mahali pa baridi kwa saa mbili, kisha aipike siku hiyohiyo. Haitakuwa bekoni hasa, lakini itafanya kazi. Kulaza nyama kwenye chumvi kwa siku nyingi bila jokofu katika joto letu la Tanga ni kuitafuta hatari.

Hapo buchani naomba tusimame kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo hatulisemi vya kutosha. Nguruwe anayeachwa azurure na kula kinyesi cha watu hupata vijidudu vya tegu katika nyama yake. Huonekana kama malengelenge madogo meupe yenye maji, ukubwa wa punje ya mchele hadi wa kunde. Ukiyaona, usinunue, hata muuzaji akuapie kwamba ni mafuta. Ununue nyama iliyopigwa mhuri na mkaguzi. Chumvi kidogo na moshi kidogo haviui vijidudu hivyo, wala kuonekana safi si uthibitisho. Kinachoviua ni kuiva sawasawa mpaka ndani.

Mtu akila nyama hiyo mbichi au nusu mbichi, hupata tegu tumboni, na mayai ya tegu hutoka katika choo chake. Mpaka hapo wengi wanafahamu. Lakini mtu mwingine yeyote akiyameza mayai hayo, kwa mikono isiyonawiwa, kwa maji machafu au kwa mboga zisizooshwa, malengelenge yaleyale yanaweza kuota katika mwili wake yeye, na yakiota kwenye ubongo huleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi nyingi ambako tegu huyu yupo, kiasi cha asilimia 30 ya kifafa kinahusiana naye. Tazameni basi: mtu ambaye hajaonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuanguka kifafa kwa sababu ya karoti isiyooshwa na jirani asiye na choo. Nasi mara ngapi tumesema ana pepo, tukamzuia hata kuimba kwaya? Apelekwe hospitali. Kuna dawa za kifafa, na tunaweza kumwombea akiwa anazinywa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya somo hili ni kunawa mikono kwa sabuni, na ya pili ni kuosha mboga kwa maji safi yanayotiririka, karoti zikisuguliwa na kuparwa.

Kwa watu sita utahitaji karoti sita za kadiri, kiasi cha nusu kilo (za Lushoto ni tamu na zimenyooka), maharage machanga robo kilo, yale yanayoliwa pamoja na ganda lake, na vipande virefu kumi na viwili vya bekoni. Weka tayari vijiko viwili vya chakula vya sukari guru iliyoparuzwa, kijiko kimoja cha siagi, punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa, pilipili manga, na ndimu moja. Chumvi usiitie kabisa. Bekoni inayo ya kutosha, na mara ya kwanza nilipotia chumvi kwa mazoea tulikunywa maji mpaka usiku.

Kata kila karoti vijiti vinane vya urefu wa kidole. Maharage yakate ncha. Chemsha maji, tia karoti, na baada ya dakika mbili tia maharage. Vikitokota pamoja dakika tatu, mwaga maji na uvitie katika maji baridi mara moja, visiendelee kuiva, kisha vikaushe kwa kitambaa safi. Usiruke hatua hii. Bekoni huiva upesi kuliko karoti. Ukifunga karoti mbichi, nyama itaungua nje na karoti itabaki ngumu kama ilivyotoka shambani. Na ukifunga mboga zenye maji, bekoni itachemka badala ya kuokwa, iwe laini na ya kuteleza.

Chukua vijiti vinne vya karoti na maharage manne, vipange kama kuni, vizungushie kipande kimoja cha bekoni katikati bila kukaza sana kwa sababu nyama hujikunja motoni, kisha laza kitita chini ncha ya bekoni ikiwa upande wa chini. Hapo hakihitaji kijiti cha meno. Ukitumia kijiti, kiloweke kwanza kisiungue, na uwaambie wageni, hasa wazee, kwamba kimo.

Mwenye oveni aipashe moto nyuzi 200 na kuoka vitita kwa dakika ishirini bila sukari. Wengi wetu hatuna oveni, lakini tunaoka keki za harusi kwa mkaa, na hii haiwezi kutushinda. Weka sufuria nzito juu ya jiko lenye makaa machache, tia ndani mchanga mkavu au vijiwe vitatu, funika kwa bati, na juu ya bati weka makaa mengi. Iache ipate moto dakika kumi na tano. Kisha weka vitita katika sahani ya bati yenye ukingo, maana mafuta yatatoka mengi, na uitue juu ya vijiwe. Hesabu kama dakika thelathini. Ukifunua, inua bati sawasawa kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala, majivu yasimwagike chakulani.

Wakati vitita vikiokwa, yeyusha siagi, tia kitunguu saumu, kisha sukari guru na pilipili manga, ukoroge mpaka iwe kama asali. Sukari huungua upesi na kuwa chungu, ndiyo sababu hatuianzi nayo. Bekoni ikishatoa mafuta na kuanza kubadilika rangi, mwaga mafuta yaliyozidi, geuza vitita, paka sukari yako, rudisha motoni dakika kumi tena, huku ukichungulia. Viko tayari bekoni ikiwa imekauka kingo, haina sehemu ya mafuta iliyo nyeupe na laini, na sukari imeng'aa. Rangi nyekundu ya bekoni ya dukani isikudanganye upande wowote. Angalia ukavu wake. Kamulia ndimu dakika ya mwisho. Ndimu ndiyo inayozuia utamu usichoshe ulimi, na mimi huona kwamba bila hiyo chakula hiki ni nusu. Mafuta nayo yana kazi yake, kwa sababu kile kilicho katika karoti ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A hupokewa vizuri zaidi kikiliwa pamoja na mafuta kidogo.

Mabaki mabichi ya nguruwe msiwatupie nguruwe wenu. Homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, haimdhuru mtu, lakini huua zizi zima, na virusi vyake hukaa katika nyama ya chumvi kwa muda mrefu. Yafukieni.

Sasa nirudi kwenye Biblia na kosa langu.

Mtoto wangu wa kwanza alipopata kipaimara, tulialika ukoo mzima. Kwetu, kama ilivyo kwa wengi wenu, ukoo mmoja una Wakristo na Waislamu. Wanaonyesha heshima kwa kuja kanisani hadi mlangoni na kukaa nasi mezani. Mbuzi na kuku tulimwita Mwislamu achinje, kama ilivyo desturi, ili kila mtu ale. Mimi, kwa kutaka kuonyesha nilichojifunza, nilipika vitita vya bekoni kwa ajili ya meza ya Wakristo. Karoti zilizobaki nikazikaanga kwa ajili ya meza nyingine, katika kikaango kilekile, nilichokipangusa kwa kitambaa. Nilijiambia kwamba nyama haimo.

Shangazi yangu, dada yake baba, alizisifu zile karoti akaongeza mara ya pili. Ndipo mtoto mdogo wa jikoni, ambaye hana hila, akacheka na kusema, "Bibi naye amekula za kitimoto!" Shangazi aliweka sahani chini. Akatoka nje, akasukutua kinywa, akaenda zake bila kuaga. Kwa muda wa karibu miaka miwili hakutia hata maji kinywani nyumbani kwangu. Kwenye misiba alikuja, akakaa, akaondoka.

Mimi nilikasirika. Nilimwambia kila aliyetaka kunisikiliza kwamba Petro Mtakatifu aliteremshiwa nguo kutoka mbinguni yenye wanyama wa kila namna, akaambiwa achinje ale. Basi kosa langu ni nini? Kasisi wetu wa wakati ule hakubishana nami. Aliniuliza tu kama nimesoma mpaka aya ya 28. Sikuwa nimesoma.

Angalieni habari yenyewe. Petro yuko Yafa, nyumbani kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi. Amepanda darini kusali, na njaa inamuuma, na chini wanamwandalia chakula. Katika hali hiyo ndipo anapoonyeshwa ile nguo. Anakataa; jambo hilo linatokea mara tatu. Na bado anaona shaka moyoni juu ya maana yake, wakati watu wa Kornelio, akida wa Kirumi, wanapobisha mlangoni. Petro haendi buchani. Anawakaribisha wageni wale walale kwake, na kesho yake anafuatana nao mpaka Kaisaria. Hapo nyumbani kwa Kornelio, katika aya ya 28, anaeleza mwenyewe jinsi alivyoielewa njozi: kwamba Mungu amemwonyesha asimwite mtu awaye yote najisi. Njozi ilikuwa ya vyakula, fundisho likawa la watu.

Kanisa halikosei linapofundisha kwamba Mkristo ana uhuru katika vyakula. Marko 7:19 inaonyesha hivyo, na katazo la nguruwe lililo katika Walawi 11:7 halitufungi. Lakini mimi nilikuwa nimeigeuza habari ya Petro kichwa chini miguu juu. Alipewa njozi ile ili aweze kuketi na mtu ambaye asingeketi naye. Mimi niliitumia kumfukuza mezani mtu aliyekuwa ameketi tayari.

Someni pia Warumi 14 na 1 Wakorintho 10:25-29. Paulo anaruhusu mtu anunue nyama sokoni bila kuulizauliza. Lakini akiwapo mtu ambaye nyama ile inamgusa dhamiri, aiache kwa ajili ya mtu huyo. Kuna wanaosema Paulo alikuwa anahangaikia Wakristo wenye imani dhaifu tu, wala si watu wa dini nyingine. Mimi naona mstari wa 32 wa sura hiyohiyo unajibu, maana unataja Wayahudi na Wayunani kabla ya kulitaja Kanisa. Na Petro mwenyewe, baada ya yote aliyoyaona, tunamkuta katika Wagalatia 2:11-14 akijitenga na meza ya watu wa Mataifa kule Antiokia kwa kuwaogopa wenzake, mpaka Paulo akamkemea hadharani. Somo la meza halijifunzwi mara moja.

Nilikwenda kwa shangazi pamoja na mzee mmoja wa ukoo. Nilipiga magoti nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, tukanyamaza kitambo. Nilipomaliza kuomba radhi aliniambia, "Mwanangu, mnachokula ninyi kwenu si neno kwangu. Neno ni kwamba ulijua, na mimi sikujua, ukaniacha niongeze."

Tangu siku ile nina kanuni za jiko, nami nawapa. Mgeni huambiwa kabla hajanyoosha mkono, kwa sauti ya kawaida, si kwa minong'ono wala kwa mzaha. Sahani ya nguruwe haikai juu ya meza ya wote. Kikaango, kisu na ubao vya nguruwe ni vyake peke yake. Kupangusa si kutosha, na hata kuosha si juu yangu mimi kuamua kwamba kunamtosha mwenzangu. Kanuni hizi ni kwa ndugu zetu Wasabato pia, ambao wanakishika kitabu cha Walawi katika jambo hili. Na kama nina shaka juu ya lolote, siku hiyo sipiki nguruwe. Hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa bekoni.

Vitita vya wageni hupikwa bila nyama, navyo ni vizuri kweli. Mboga ni zilezile, zimechemshwa vilevile. Badala ya bekoni, zifunge kwa jani refu la kitunguu kibichi lililochovywa katika maji ya moto ili lilegee. Chemsha kikombe cha tui zito pamoja na kijiko kimoja na nusu cha sukari guru, kitunguu saumu, tangawizi kidogo, na hapa tia chumvi, maana hakuna bekoni ya kukusaidia. Tui likiwa zito na kuanza kutoa mafuta, laza vitita humo, vigeuze polepole dakika tano, kisha ndimu. Watoto wangu hupenda hivi kuliko vile vya nyama, na sijui niseme nini.

Pasaka iliyofuata sikuvipika mimi. Nilipeleka karoti, nazi na sukari guru nyumbani kwa shangazi, akavipika jikoni kwake katika sufuria yake, akaja navyo amevifunika kwa kawa. Alikula nyumbani kwangu siku ile. Alinilalamikia tu kwamba karoti nilizokata hazikulingana urefu.

Kwa wale watakaolisoma somo hili katika vikundi vya nyumba kwa nyumba, zungumzeni haya. Kwa nini Petro aliwakaribisha wageni kulala kabla hajaielewa njozi? Katika karamu zetu za ubatizo, kipaimara na harusi, nani hula kwa mashaka, na tumewahi kumwuliza? Je, kuna mtu katika mtaa wetu mwenye kifafa ambaye hajafikishwa hospitali, na nani atamsindikiza wiki hii?